Staa Anataka 'Midiamu Fomati', Dogo Anabaki na Deni: Kamera Kubwa Inamlipa Nani?

Kuna povu lilimwagika mitandaoni miezi michache iliyopita na hadi leo halijakauka. Staa mmoja wa kike wa Bongo Muvi, yule ambaye hata akinunua ndala mpya lazima ipostiwe, aliangusha picha nane za siku yake ya kuzaliwa, zimepigwa ufukweni Kigamboni. Picha kali, hilo halina ubishi. Shida ilikuwa kapsheni. Aliandika kwamba yeye na "kamera za harusini" basi tena, kuanzia sasa ni midiamu fomati tu.

Hapo ndo moto ulipowaka. Wapiga picha wa harusi wakaona wametukanwa mchana kweupe. Timu Staa nao wakaja juu: wivu tu, mbona inaonekana kabisa hii kamera ni nyingine! Mmoja akaapa kwamba anaona hadi vinyweleo vya mkononi. Anaviona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, lakini haya, macho ni yake.

Kwenye mabishano yote yale walikosekana watu wawili. Mmoja ni mtu wa kueleza hiyo midiamu fomati ni mdudu gani. Wa pili ni dogo aliyezipiga hizo picha, maana wakati watu wanagombania ubora wa kamera yake, yeye alikuwa anahesabu siku za rejesho.

DOGO ALIVYOINGIA MKENGE

Dogo ni wa Mbagala. Alimaliza kidato cha nne, akaanza kupiga picha za pasipoti kwenye kibanda cha mjomba wake, akadunduliza miaka miwili hadi akapata kamera yake ya kwanza ya maana: fulufremu ya mtumba yenye megapikseli 24, na lenzi mbili. Kwa kamera hiyo alipiga kitchen party, mahafali, send-off na harusi. Kodi ya chumba ilikuwa inalipika na nyumbani mboga ilikuwa inaonekana.

Siku moja akapigiwa simu na meneja wa staa.

"Dogo, kazi zako tunazikubali. Ila bosi wangu anataka midiamu fomati. Ukiipata njoo tuongee."

"Sawa kaka. Na malipo yanakuwaje?"

"Mdogo wangu, tunakutag. Unajua ana wafuasi wangapi?"

Kijana wa miaka 22 anayeota kutoka ukisha mwambia hivyo, umemmaliza. Akauza fulufremu na lenzi zake zote. Hela haikutosha, akaenda kwa wale jamaa wa mkopo wa kausha damu, dhamana ikawa friji na cherehani ya mama yake. Akanunua mtumba mwingine kutoka nje: boksi la kamera ya zamani la midiamu fomati, lenzi moja, na mgongo wa dijitali wa megapikseli 39 ambao umri wake unakaribia miaka ishirini.

SASA HUO MGONGO NI NINI?

Ieleweke kwanza, sensa hapa siyo ile ya karani kugonga mlango kuuliza usiku ule mlilala wangapi. Ni kibao kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kazi ambayo zamani ilifanywa na filamu.

Fulufremu ni sensa ya milimita 36 kwa 24, kipimo kilekile cha filamu ya milimita 35 iliyopigia picha za ndoa za wazazi wengi wa mjini hapa. Midiamu fomati ni jina la vipimo vinavyozidi hapo. Siku hizi vinavyojulikana zaidi ni viwili. Kuna cha milimita 44 kwa 33 hivi, kinachopatikana kwenye kamera za Fujifilm GFX na Hasselblad X. Na kuna cha milimita 54 kwa 40 hivi, ambacho kipo kwenye migongo ya Phase One kama IQ4 ya megapikseli 150 iliyotoka mwaka 2018.

Na kwa nini kuitwa mgongo? Kamera nyingi za midiamu fomati za enzi za filamu zilikuwa za vipande: lenzi mbele, boksi katikati, na nyuma kisanduku cha filamu kinachochomoka. Dijitali ilipoingia, kikatengenezwa kipande chenye sensa ambacho kinakaa palepale kilipokaa kisanduku. Ndiyo maana leo mtu anaweza kuchukua boksi la Hasselblad la mwaka 1957, akalivika mgongo wa CFV 100C uliotoka 2024, na likapiga mzigo kama kawaida. Kampuni hiyohiyo ndiyo kamera zake zilikwenda mwezini mwaka 1969, wakati huo bado ni filamu. Jina likishafika mwezini, lazima mabishoo walitamani.

Hesabu sasa. Eneo la sensa ya fulufremu ni milimita za mraba 864. La 44 kwa 33 ni 1,452, yaani kama mara 1.7. La 54 kwa 40 linafika mara mbili na nusu. Kwa hiyo ukubwa upo kweli. Ila hata jina lenyewe lina chumvi kidogo, kwa sababu filamu ya midiamu fomati ya mraba ilikuwa milimita 56 kwa 56, sawa na 3,136. Sensa ya 44 kwa 33 haifiki hata nusu ya hapo.

Bei nayo haina utani. Sony A7 III, fulufremu ambayo imelisha wapiga picha wengi wa harusi, ilitoka 2018 kwa dola 2,000 hivi bila lenzi. Fujifilm GFX 100S ilitoka 2021 kwa dola 6,000 hivi. Huo mgongo wa CFV 100C pamoja na boksi lake dogo ulianza na dola 8,199. Ukifika Phase One ya megapikseli 150, hapo unaongelea dola zaidi ya 40,000, na mtu anaweza kukuuliza kwa nini hukununua kiwanja Kigamboni, acha kupiga picha Kigamboni.

TOFAUTI ANAIONA NANI?

Hapa ndipo Timu Staa inapotakiwa kukaa chini ikanywa maji.

Mtandao wa Instagram kwa kawaida unashusha picha hadi upana wa pikseli 1,080. Picha ya kusimama ya 1,080 kwa 1,350 ina pikseli kama milioni moja na nusu. Ukipiga na kamera ya megapikseli 100, zaidi ya 98 zinapotea kabla shabiki hajagusa kile kimoyo. Ukipiga na ya 24, zinapotea zaidi ya 22. Wote mnafika kwenye simu ya shabiki mkiwa na mzigo uleule.

Haya, tuseme mtu hashindi Insta, anachapisha. Picha ya ukubwa wa A3 iliyochapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 17 na kitu. Kamera ya dogo ya zamani ilikuwa inaimaliza na chenji inabaki. A2 inahitaji kama 35. Ni mpaka ufike A1, picha ya karibu mita moja ambayo mtu ataisogelea kuikagua kwa pua, ndo unahitaji karibu megapikseli 70 na midiamu fomati inaanza kuongea. Mabango makubwa ya barabarani yasikutishe. Yale yanatazamwa kutoka mbali mtu akiwa kwenye daladala, kwa hiyo huchapwa kwa nukta chache sana kwa inchi.

Kuna kingine ambacho wauzaji hawakisemi kwa sauti. Sony A7R IV ya 2019 ni fulufremu ya megapikseli 61. Pikseli moja ya kamera hiyo ina upana wa mikroni 3.76. Pikseli ya Fujifilm GFX 100? Mikroni 3.76. Ya Phase One IQ4 ya 150? Mikroni 3.76. Tofali ni lilelile, ukuta ndo mrefu. Na kutoka 61 kwenda 100, upana wa picha unatoka pikseli 9,504 kwenda 11,648. Ongezeko hilo ni kama asilimia 23, wakati kwa kusikia tu mtu anadhani ni karibu mara mbili.

Na ile nyuma kuyeyuka ambayo kila mtu anaiita "midiamu fomati luku"? Lenzi ya Fujifilm GFX ya milimita 110 yenye f/2 inakupa picha sawa na lenzi ya 87 yenye f/1.6 kwenye fulufremu. Wakati huohuo fulufremu ina lenzi za 85 za f/1.4, na Canon wana ya f/1.2. Maana yake fulufremu inaweza kuyeyusha nyuma kuliko hiyo kubwa, tena kwa bei ndogo zaidi.

HAKI YAKE NAYO IPEWE

Isionekane kwamba midiamu fomati ni utapeli. Siyo. Yenye kazi yake, inaifanya vizuri mno.

Sensa kubwa, kwa mpangilio uleule wa kamera, inapokea mwanga mwingi zaidi kwa jumla. Hilo linaonekana pale bibi harusi mwenye shela jeupe anaposimama na bwana harusi mweusi aliyevaa suti nyeusi, jua la saa saba liko utosini. Fulufremu nzuri inaliweza hilo kama mpiga picha anajua kupima mwanga. Kubwa inaliweza na akiba inabaki, wakati wa kuediti unavuta vivuli na ngozi inatoka na rangi yake, haigeuki majivu.

Halafu kuna suala la flashi. Lenzi za Hasselblad X, na zile za Phase One zenye shata ndani yake, zinakubali flashi kwa kasi kubwa: Hasselblad X1D ya 2016 ilifika 1/2000. Fulufremu nyingi zinaishia 1/200 au 1/250 kabla hujaingia kwenye mbinu zinazopunguza nguvu ya flashi. Mtu wa mitindo anayepiga Coco Beach mchana anaweza kulitiisha jua, anga likabaki bluu na mrembo aking'aa. Ila siyo kila midiamu fomati ina hiyo kitu. Fujifilm GFX 100S yenyewe inaishia 1/125, chini hata ya fulufremu. Jina tu halitoshi, lazima ujue unanunua nini.

Kuna mama mmoja mpiga picha wa Kinondoni ambaye yuko kwenye gemu tangu enzi za filamu. Ana fulufremu mbili, basi. Alipopata kazi ya matangazo ya vitenge yaliyotakiwa kuchapwa makubwa na kuwekwa ukutani dukani, watu wanagusa kabisa, alikodi midiamu fomati kutoka Nairobi kwa siku mbili na gharama akaiweka kwenye ankara ya mteja. Vijana wake walipomuuliza kwa nini asinunue ya kwake, aliwajibu kwa mkato: "Mteja akiitaka, namwandikia kwenye bei. Akigoma kulipa, basi alikuwa haitaki."

Maneno hayo yalitakiwa yamfikie dogo kabla hajauza kamera.

SEND-OFF YA MBAGALA

Kusema ukweli, ule mgongo wa zamani ulifanya maajabu kule ufukweni. Saa kumi na moja jioni, mwanga laini, mtu amesimama hatikisiki, ISO iko chini kabisa. Sensa za namna ile zinapenda hali hiyo, na rangi zake mpaka leo zina wapenzi wake duniani.

Wiki mbili baadaye dogo akawa na send-off ya jirani yao aliyokuwa ameshachukua malipo ya awali. Kamera nyingine hana, kauza. Akaenda na mgongo.

Mwisho wa ISO ni 800, na hapo tayari picha ina chenga kama tivii ya chogo. Ukumbi una taa za zambarau zinazozunguka. Kufokasi ni kwa mkono. Bibi harusi mtarajiwa anaingia anacheza, mashangazi wanarusha vitenge, watoto wanakatiza. Ukipiga moja unasubiri kidogo ndo upige nyingine. Fulufremu za kawaida zinapiga kumi kwa sekunde na kufuata jicho la mtu zenyewe. Na kwenye giza zina lenzi za f/1.4, wakati yeye alikuwa na moja tu ya f/2.8. Faida ya sensa kubwa kwenye mwanga ilishamezwa na lenzi.

Baba kumlisha binti yake keki ni tukio la sekunde tatu. Dogo alipata picha mbili, zote mbili fokasi imekaa kwenye keki. Yule mzee alikuwa ametoka hospitali wiki ile, na kila mtu ukumbini alijua kwa nini binti alitaka picha hiyo kuliko zote. Hairudiwi. Dogo alirudisha nusu ya hela, na hakuna aliyemshangaa mama wa binti alipoacha kumsalimia mama yake dukani.

Hizo ndo "kamera za harusini" ambazo staa anazidharau. Harusi ni kazi ngumu kuliko ufukweni, na kamera inayoiweza siyo ya kubezwa.

Rejesho la wiki ya sita likakosekana. Jamaa wa kausha damu hawana mjadala, walikuja na pikapu. Friji wakaliacha, lilikuwa bovu. Wakachukua cherehani.

Na sehemu inayouma zaidi ni hii. Kati ya zile picha nane zilizomfanya shabiki aone vinyweleo, mbili hazikupigwa na midiamu fomati. Meneja aliomba picha za kujazia, dogo akatoa mbili alizompiga staa kwenye shughuli ya mtu mwaka uliotangulia, kwa fulufremu yake ya zamani. Moja ya hizo mbili ndiyo iliyobeba komenti nyingi za "midiamu fomati haidanganyi". Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Staa mwenyewe hakushtuka.

KWA HIYO?

Kwa hiyo mwenye makosa siyo kamera. Sensa kubwa ni chombo, na chombo kina mahali pake. Makosa ni kumwambia kijana anunue tofauti ambayo hata anayeiagiza hawezi kuiona, halafu umlipe kwa tagi. Mwenye duka la mchele hakubali tagi. Mwenye nyumba hakubali. Mtu anayetaka sensa mara 1.7 aje na bei mara 1.7, hapo hata ikibidi kukodi Nairobi itakodiwa, na heshima itakuwepo kwa wote wawili. Asiye na hiyo bei apigwe na fulufremu, atapendeza vilevile.

Na wapiga picha nao wajitazame. Kabla hujauza kinachokulisha, jiulize picha zako zinaishia wapi. Kama ni kwenye simu za watu na albamu ya mezani, fulufremu imeshakutosha zamani, hela iliyobaki weka kwenye lenzi nzuri, flashi na kujifunza mwanga. Kama kuna mteja wa picha za ukutani, za mitindo, au za kuhifadhi michoro na nyaraka, kodi kubwa kwa gharama yake. Siku wateja hao wakiwa wanakuja kila mwezi, hapo nunua, na hakuna atakayekucheka.

Dogo kwa sasa anabeba begi la yule mama wa Kinondoni. Jumamosi anapewa fulufremu moja anakuwa mpiga picha wa pili, malipo nusu yanakwenda kwenye deni. Mgongo wake kauweka sokoni tangu Mei na kila anayeuliza anataka kwa bei ya kutupa. Mama yake anashona kwa cherehani ya kuazima, zamu yake ni usiku wenyewe wakishalala.

Staa amefuta ile kapsheni. Picha ameziacha.

Wadau, hebu semeni ukweli hapo chini kwenye komenti: ukimwajiri mpiga picha, huwa unauliza kamera yake au unaangalia kazi zake? Na nyie mnaolipwa kwa tagi, zimewanunulia nini mpaka leo?